Jinsi ya kutembelea Tate Modern, London, bila kuchoka wala kujiona mjinga

Wageni wengi wakija London kutoka nyumbani huwa na orodha ileile: Big Ben, Tower Bridge, picha mbele ya kasri la mfalme, na uwanja wa timu anayoshabikia. Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya kisasa, huingia kwenye orodha hiyo kwa sababu moja, nayo ni kwamba kiingilio ni bure. Watu wanaingia, wanazunguka ghorofa hadi ghorofa kama wanaokagua nyumba ya kupanga, wanapiga picha mbili tatu, kisha wanatoka miguu ikiwauma huku wakiulizana, "Sasa ile nayo ni sanaa?"

Swali hilo halina ubaya. Wazungu wenyewe wameligombania kwa zaidi ya miaka mia moja na hawajamaliza. Kosa liko kwenye namna ya kutembea. Makumbusho ya sanaa ya kisasa hayatembelewi kama ya historia, ambako unafuata njia kutoka enzi hadi enzi mpaka ufike mwisho. Hapa hakuna mwisho wa kufikia. Ukitaka kuona kila kitu, hutaona chochote. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia kwa wageni wangu, wazee kwa vijana, na kiini chake ni kwamba mbele ya kila kazi unaanza kwa kuuliza imetengenezwa kwa nini na imetengenezwaje. Swali la "ina maana gani" lisubiri zamu yake.

Hatua ya kwanza: panga ukiwa bado nyumbani

Ndani ya Tate Modern kuna vitu vya aina mbili. Kuna mkusanyiko wa kudumu, ambao ni bure siku zote kwa kila mtu, mwenyeji au mgeni, na hakuna anayekuuliza paspoti. Halafu kuna maonyesho maalumu ya miezi kadhaa, yenye tiketi, na bei yake huweza kuzidi pauni 20. Kama ni mara yako ya kwanza, achana na maonyesho ya kulipia. Mkusanyiko wa bure unatosha na kubaki, tena una kazi ambazo watu hupanda ndege kuja kuziona.

Ila kama una umri kati ya miaka 16 na 25, jiandikishe kwanza mtandaoni kwenye Tate Collective. Kujiunga ni bure hata kama unaishi Mwanza au Mombasa, na tiketi ya maonyesho maalumu utaipata kwa pauni 5. Wanafunzi wengi wanaokuja kusoma Uingereza humaliza shahada bila kuijua nafasi hii, na inasikitisha.

Saa za kufungua ziangalie kwenye tovuti yao wiki hiyohiyo unayokwenda, kwa sababu zile za jioni hubadilishwa. Tarehe 24 hadi 26 Desemba hufungwa. Asubuhi ya siku ya kazi, mara tu milango inapofunguliwa, ndio wakati mzuri kuliko wote. Jumamosi mchana ya mvua usiende, maana nusu ya London itakuwa imekimbilia humo kujikinga.

Ukiwa na kazi fulani unayotaka kuiona kwa macho yako, itafute kwa jina kwenye tovuti. Ukurasa wa kila kazi huonyesha kama ipo ukutani sasa hivi au imewekwa stoo. Sehemu kubwa ya hazina ya makumbusho yoyote huwa stoo, na vilivyo ukutani huhamishwa kila mara, hata kupelekwa matawi mengine ya Tate, taasisi mama ya makumbusho haya, yaliyoko Liverpool na St Ives. Kwa hiyo kazi nitakazozitaja hapa chini, zihakiki kwanza kabla hujafunga safari.

Hatua ya pili: kufika, na mlango wa kuingilia

Kituo cha karibu cha treni ya chini ya ardhi ni Southwark, kwenye njia ya Jubilee, ile ya kijivu kwenye ramani. Blackfriars nayo iko karibu. Lakini kama miguu yako ni mizima na hali ya hewa inaruhusu, shukia St Paul's, zunguka kanisa kuu, kisha vuka mto Thames kwa daraja la waenda kwa miguu, Millennium Bridge. Hilo ndilo daraja lililofunguliwa Juni 2000 likaanza kuyumba chini ya miguu ya watu, likafungwa baada ya siku mbili na kurekebishwa hadi 2002. Siku hizi limetulia. Ukiwa katikati utaliona jengo lote kwa mkupuo: sanduku kubwa la matofali ya rangi ya udongo lenye bomba la moshi la mita 99.

Bomba hilo si pambo. Jengo hili lilikuwa kituo cha kufua umeme, Bankside, lililochorwa na Giles Gilbert Scott na kujengwa kwa awamu mbili kati ya 1947 na 1963. Lilichoma mafuta, na mafuta yalipopanda bei likaonekana hasara. Lilifungwa mwaka 1981 na kukaa kama gofu hadi wasanifu Waswisi, Herzog & de Meuron, walipolibadilisha. Lilifunguliwa kama makumbusho mwezi Mei 2000. Inakadiriwa kuta zake zina matofali milioni 4.2.

Upande wa mto kuna mlango, na ukitoka darajani utauona mbele yako. Usiuingie. Zunguka kulia hadi upande wa magharibi, barabara ya Holland Street, ambako sakafu yenyewe inateremka polepole kama njia ya kushushia mashua. Hapo unaingia moja kwa moja kwenye Turbine Hall, ukumbi ulimokuwa mitambo ya umeme: mita 155 kwa urefu, 23 kwa upana, na 35 kwenda juu. Ukiingilia mlango wa mtoni unaukuta ukumbi wewe ukiwa tayari umo ndani, na ule ukubwa haukugusi. Ukiingilia Holland Street unateremka nao hatua kwa hatua.

Hatua ya tatu: kaa kwanza kwenye Turbine Hall

Usikimbilie ngazi. Karibu kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Oktoba, msanii mmoja hukabidhiwa ukumbi huu mzima aweke kazi moja. Mwaka 2000 alianza Louise Bourgeois na buibui wake wa chuma. Mwaka 2003 Olafur Eliasson aliweka jua bandia la taa za manjano na kioo dari nzima, na watu wakawa wanalala sakafuni kujitazama. Mwaka 2010 Ai Weiwei alimwaga humu mbegu za alizeti milioni 100, na kila moja ilikuwa ya kauri, imepakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen nchini China. Mwanzoni watu waliruhusiwa kutembea juu yake. Baada ya siku chache ikaonekana vumbi la kauri linapanda na kuingia mapafuni, wakazuiwa. El Anatsui wa Ghana alitundika hapa mwaka 2023 mapazia makubwa ya vizibo vya chupa za pombe, vilivyopondwapondwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba.

Ukikuta ukumbi mtupu, kazi mpya ikiwa bado inaandaliwa, usisikitike. Tazama chini. Mwaka 2007 msanii wa Kolombia, Doris Salcedo, alipasua sakafu hii kutoka mwanzo hadi mwisho, ufa wa mita 167 unaopinda kama korongo, akizungumzia ubaguzi na watu wanaowekwa upande wa pili wa mpaka. Maonyesho yalipoisha ufa ulizibwa kwa saruji, lakini kovu lake bado linaonekana. Maelfu wanalikanyaga kila siku wakiwa wameinua simu juu. Kuufuata ufa huo kwa miguu, mwanzo wake hadi mwisho, ni mazoezi mazuri ya macho kabla hujapanda juu.

Hatua ya nne: chagua upande mmoja

Makumbusho yana majengo mawili yaliyounganishwa na ukumbi huo. Upande wa mto ni Natalie Bell Building, jengo la zamani lililokuwa na tanuri za mvuke, lenye vyumba vingi vya mkusanyiko. Upande wa kusini ni Blavatnik Building, mnara uliopindapinda wa ghorofa kumi uliofunguliwa mwaka 2016, ambao chini yake yapo matangi ya mafuta ya kile kituo cha umeme. Siku hizi matangi hayo ni vyumba vya maonyesho ya video, sauti na watu wanaoigiza mubashara.

Chukua upande mmoja tu. Mgeni wa kwanza nampeleka Natalie Bell, kwa sababu huko ndiko utawakuta Picasso, Matisse, Dalí na wenzao, na mtu huhitaji sura mbili tatu anazozijua ili atulie. Ndani ya upande huo chagua vyumba vinne au vitano kwenye ramani, na katika kila chumba kazi moja ya kukaa nayo. Saa mbili zinatosha. Baada ya hapo macho yanaendelea kutazama lakini kichwa kimekwisha kufunga duka.

Utaona vyumba havikupangwa kwa miaka wala nchi. Kazi ya 1920 kutoka Urusi inaweza kukaa jirani na ya 2015 kutoka Lagos kwa sababu zote mbili zinahusu miji, au mwili, au vita. Wengine hupotezwa na mpangilio huu. Mimi naupenda, ingawa nakiri kwamba wakati mwingine kichwa cha habari cha chumba ni kipana kiasi kwamba lolote lingeweza kuwekwa humo.

Hatua ya tano: tazama kwanza, soma baadaye

Hapa ndipo safari inapotengenezeka au kuharibika. Tazama watu wanaoingia chumbani: wanaenda moja kwa moja kwenye kibandiko cha maelezo, wanasoma nusu dakika, wanainua macho kwa sekunde tatu kuhakikisha kazi ipo, wanahama. Wewe fanya kinyume. Simama mbali, halafu sogea, halafu nenda ubavuni ukaone unene wake. Uliza: hiki ni nini, kimeunganishwaje, kimemchukua mtu muda gani, na ni wapi mkono wake unaonekana?

Nitoe mfano wa kazi iliyotukanwa kuliko zote humu, Equivalent VIII ya Mmarekani Carl Andre. Ni matofali 120 yaliyopangwa sakafuni. Basi. Tate iliyanunua mwaka 1972, na mwaka 1976 magazeti ya Uingereza yalipogundua, nchi nzima ikachachamaa: fedha za umma zinanunua matofali! Kuna aliyefikia hatua ya kuyamwagia rangi ya buluu.

Niliwahi kulijaribu jambo hili kwa mjomba wangu, fundi mwashi wa Tanga aliyejenga nyumba za watu maisha yake yote. Alikuja kututembelea, nikampeleka nikitegemea kicheko. Mjomba hakucheka. Alichuchumaa, mikono nyuma, akayatazama matofali kwa pembeni, jicho moja limefumbwa.

"Mjomba, hakuna udongo wa kuungia hapa," akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. "Yamelazwa tu. Na haya si ya nyumba, haya ni ya tanuri."

Ni kweli. Ni matofali ya kuhimili moto. Yale ya kwanza ya mwaka 1966 yalikuwa ya aina nyingine, lakini hayakupata mnunuzi, Andre akayarudisha kiwandani. Alipotaka kuyatengeneza upya, kiwanda kilikuwa kimefungwa, ndipo akachukua haya. Mjomba alikuwa bado anahesabu: sita kwa upana, kumi kwa urefu, tabaka mbili. Nikamweleza kwamba hii ni ya nane katika seti ya kazi nane, kila moja ina matofali 120 katika tabaka mbili, ila kila moja imepangwa kwa umbo lake. Moja ndefu na nyembamba, nyingine inakaribia mraba.

"Kwa hiyo mzigo ni uleule," akasema. "Mwenye nyumba akija atasema hili kubwa kuliko lile. Atabishana na wewe mpaka jioni. Na tofali ni zilezile."

Ndicho Andre alichokiweka pale sakafuni, kwamba jicho linaona ukubwa tofauti wakati kiasi hakijabadilika. Mjomba alifika hapo bila kusoma kibandiko, kwa sababu alianza na kitu chenyewe. Kuhusu bei aliguna tu, na mimi nilinyamaza.

Si lazima uwe mwashi. Aliyewahi kushona, kusuka mkeka, kuchomelea au kupiga chokaa ukuta ana mtaji wa kuanzia humu ndani. Ukikuta kazi ya Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954, aliyekuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, na aliyepewa maonyesho yake makubwa hapa Tate Modern kuanzia Novemba 2021, utakuwa na faida ambayo Mwingereza aliye pembeni yako hana. Himid amechora mfululizo wa picha zilizopangwa kama kanga, zenye pindo, mji na jina. Mwenzako ataona nakshi za kupendeza. Wewe unajua kwamba maneno yale ya chini yanaweza kuwa yanamsema mtu.

Hatua ya sita: sasa soma kibandiko, na usome chini kabisa

Kibandiko kina jina la msanii, mwaka na mahali alipozaliwa, jina la kazi, mwaka ilipotengenezwa, na vitu vilivyotumika. Kisha aya moja ya maelezo, ambayo mara nyingine inasaidia na mara nyingine imeandikwa na mtu aliyesahau kwamba wasomaji wamesimama. Usijilazimishe. Kama sentensi ya pili hujaielewa, iruke.

Mstari usiopaswa kuuruka ni ule wa chini kabisa, wa herufi ndogo, unaoeleza kazi ilipatikanaje: ilinunuliwa, ilitolewa zawadi na fulani, au imeazimwa, na mwaka gani. Linganisha mwaka huo na ule wa kutengenezwa. Mfano ni mchoro mkubwa wa Ibrahim El-Salahi wa Sudan, Reborn Sounds of Childhood Dreams I. Aliuchora Khartoum kati ya 1961 na 1965, kwa rangi ya mafuta na rangi ya mng'aro kwenye kitambaa cha pamba. Tate iliupata mwaka 2013, mwaka uleule ilipomfanyia maonyesho makubwa. Miaka hamsini hivi! Mchoro haukubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni macho ya wanunuzi. Kamati maalumu ya Tate ya kununua kazi za Afrika ilianza 2011 tu.

Na ukiwa mbele ya mchoro kama huo, kumbuka kwamba mwishoni mwa miaka ya sitini, huko Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga naye alikuwa akichora kwa rangi ya mng'aro, ile ya baiskeli, kwenye vipande vya mbao laini vya dari. Wawili hao hawakufanana kwa elimu wala nia. El-Salahi alisomea sanaa Khartoum na London, Tingatinga alikuwa kibarua. Lakini wote walitumia rangi iliyopatikana dukani.

Hatua ya saba: kaa kwa Rothko

Ikiwa zipo, tenga muda kwa picha za Mark Rothko zinazojulikana kama Seagram. Aliagizwa mwaka 1958 azichore kwa ajili ya mgahawa wa kifahari New York, akazichora, kisha akakataa zisitundikwe mahali watu wanapokula. Tisa alizitoa kwa Tate. Zilifika London tarehe 25 Februari 1970, siku ileile habari ilipokuja kwamba amekutwa amekufa.

Chumba chake huwa na mwanga hafifu, kama alivyotaka mwenyewe, na hapo ndipo watu hukosea: wanaingia kutoka kwenye mwanga mkali, wanaona weusi na wekundu wa damu iliyoganda, wanageuza. Macho yako yanahitaji dakika kadhaa kuzoea. Kaa kwenye benchi. Usifanye kitu. Baada ya muda utaanza kuona kwamba ule weusi si mmoja, una tabaka nyembamba nyembamba zinazopitisha rangi ya chini, na yale maumbo yanayofanana na fremu za dirisha yana kingo zinazotetemeka. Usipoona, basi, hujakosa adabu. Wapo wanaotoka hapo wakilia na wapo wanaotoka wakitafuta choo.

Hatua ya nane: mikono, kamera na mizigo

Usiguse. Hata kama kitu kinafanana na takataka au kiti cha kukalia, chukulia kwamba ni kazi ya sanaa hadi mlinzi akuambie vinginevyo. Mwaka 2012 mtu mmoja aliandika kwa wino kwenye kona ya picha mojawapo ya hizo za Rothko. Alifungwa miaka miwili, na mafundi walifanya kazi miezi 18 kutafuta kemikali ya kuutoa wino huo bila kuondoa rangi ya Rothko, ambayo aliichanganya kwa namna yake mwenyewe. Picha ilirudi ukutani mwaka 2014.

Kupiga picha kwa matumizi yako binafsi kunaruhusiwa kwenye mkusanyiko wa bure, bila flashi na bila fimbo ya selfi. Kwenye maonyesho ya kulipia masharti hutofautiana, soma bango la mlangoni. Ushauri wangu ni upige picha ya kibandiko pia, la sivyo ukifika nyumbani utakuwa na rangi ishirini zisizo na majina. Kuchora kwa penseli kunaruhusiwa, na daftari dogo linamfanya mtu atazame kuliko simu.

Begi la mgongoni la kawaida halina tatizo, ila watakuomba ulibebe mbele au mkononi ili lisikwangue ukuta. Masanduku ya safari hayapokelewi, kwa hiyo usipitie hapa ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

Walinzi wa vyumbani ongea nao. Wanakaa na kazi hizi kutwa nzima, na wengi wao ni wasanii au wanafunzi wa sanaa. Uliza, "Wewe hapa ndani unapenda ipi?" Swali hilo limewahi kunipatia maelezo bora kuliko aya zote za ukutani.

Ukiwa na watoto au wazee

Watoto wapeleke Turbine Hall kwanza, wakimbie, wamalize pumzi. Kisha wape kazi: tafuta kitu kilichotengenezwa kwa kitu cha jikoni, tafuta picha isiyo na mtu, tafuta kitu ambacho ungeweza kukitengeneza wewe na useme ungeanzaje. Mtoto akisema "hata mimi naweza", mwambie aeleze hatua kwa hatua. Hapo atalazimika kutazama.

Kwa wazee kuna lifti kila upande, viti vya magurudumu vya kuazima, na viti vyepesi vya kukunja unavyoweza kuzunguka navyo. Chukua kimoja hata kama mzee anakataa, akisema hajachoka. Baada ya chumba cha pili atakiulizia mwenyewe. Chumba chenye picha za uchi hutakosa kukikuta, kwa hiyo kama umeongozana na baba mkwe, pita mbele kidogo ukague.

Chakula, na baada ya hapo

Mikahawa ya ndani ni ya bei ya London. Unaweza kula ulichobeba ukiwa nje, kwenye nyasi za upande wa mto, au utembee dakika kumi na tano hivi kuelekea mashariki hadi Borough Market, ingawa hapo napo mfuko utalia. Ndani maji unaweza kubeba, lakini usifungue chupa vyumbani.

Ghorofa ya kumi ya Blavatnik ilikuwa na baraza la kutazamia mji, na miongozo ya zamani bado inalisifia. Wakazi wa majumba ya vioo jirani waliishtaki Tate kwa kuchunguliwa sebuleni mwao, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wana haki. Usiahidi wageni mandhari hayo bila kuhakikisha kwanza.

Ukipita dukani kabla ya kutoka, kadi za posta ndizo zawadi ya bei nafuu na hazijai kwenye sanduku. Nunua ya kazi uliyokaa nayo, achana na ile maarufu. Na kwa kuwa kiingilio ni bure, ukibakiwa na nusu siku nyingine London rudi ufanye upande wa Blavatnik, au panda boti kutoka gati la Bankside hadi Millbank, ilipo Tate Britain, nyumba ya kwanza ya taasisi hii, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa fedha za tajiri wa sukari, Henry Tate. Huko nako mkusanyiko ni bure.